Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa za shambani: kushika, kubeba, kutunza

Haya maswali yanarudi kila msimu, kutoka kwa wapulizaji, madereva, watunza stoo, hata wenye mashamba ambao hawajawahi kuvaa bomba la kupulizia mgongoni. Kuna kitu utaona kinajirudia kwenye majibu mengi: watu wanaogopa dawa ikiwa kwenye bomba, wakati kali yenyewe ni ile ya kwenye chupa ambayo bado haijaguswa na maji, na ile inayofika nyumbani mara nyingi inapitia kwenye nguo na makopo matupu.

Hatari kubwa iko wapi, kwenye kupulizia au kwenye kuchanganya?

Kuchanganya. Fanya hesabu ndogo tu, ukiweka mililita 20 za dawa kwenye bomba la lita 20 umeizimua mara 1000, yaani tone moja la dawa ghafi likikudondokea mkononi ni kama umedondokewa na matone elfu moja ya mchanganyiko wa kwenye bomba. Sasa angalia watu wanavyofanya, wakati wa kufungua chupa na kupima mikono iko wazi, glavu zinavaliwa baadaye bomba likishabebwa. Kinyume kabisa. Kama una glavu na miwani na unaona uvivu kuvaa siku nzima, basi usikose kuvaa kwenye hizo dakika tano za kufungua, kupima na kumimina (sikwambii uvue baadaye, nakwambia pa kuanzia).

Sumu inaingiaje mwilini wakati mimi siinywi?

Kwa ngozi, hiyo ndo njia kuu shambani. Halafu pumzi, macho na mdomo. Ngozi yenyewe haiko sawa mwili mzima, kiganja ni kigumu kidogo lakini kinena, kwapa, paji la uso, ngozi ya kichwa na nyuma ya masikio vinanyonya haraka sana. Ndo maana bomba linalovuja likalowesha mgongo hadi kiunoni ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, na ndo maana unanawa mikono KABLA ya kwenda haja ndogo, sio baada tu. Jasho na joto vinaongeza unyonyaji, vidonda na mikwaruzo pia. Dawa za maji zenye mafuta ndani, zile ukizitia kwenye maji yanageuka meupe, zinapenya ngozi kirahisi zaidi, wakati za unga tatizo lake kubwa ni vumbi wakati unafungua pakiti.

Mdomoni inafika kwa sigara, karanga, simu, chupa ya maji uliyoishika na glavu chafu. Vitu vidogo vidogo tu.

Ule mkanda wa rangi chini ya lebo maana yake nini?

Unaonyesha ukali wa sumu. Nyekundu ni kali sana, njano ni ya kati, bluu inafuata, kijani ndo ya chini. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina makundi yake, kuanzia kali kabisa kushuka, Ia, Ib, II, III na U, na rangi zinafuata humo, Ia na Ib zote ni nyekundu.

Ila usiulalie huo mkanda. Kwanza unapima sumu ya papo hapo, hausemi kitu kuhusu madhara ya miaka mingi ya kuigusa kidogo kidogo. Pili kuna dawa zinadanganya: parakwati, ya kuua magugu, iko kundi la II, ukiangalia rangi unaona ya kati tu, lakini funda dogo likimezwa linaweza kuua mtu na haina dawa ya kuipinga, inaharibu mapafu siku kadhaa baada ya mtu kuonekana yuko poa. Kwa hiyo soma lebo nzima, hasa sehemu nne: vifaa vya kuvaa, huduma ya kwanza, muda wa kukaa nje ya shamba baada ya kupulizia, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hizo mbili za mwisho watu wanazichanganya sana. Ya kwanza inamlinda anayeingia shambani, ya pili inamlinda anayekula, na moja haifanyi kazi ya nyingine.

Nivae nini kama siwezi kupata kila kitu?

Lebo ndo inaamua, na kama inadai vifaa usivyonavyo basi hiyo dawa sio yako, tafuta nyingine. Sio maneno yangu tu, mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa viuatilifu wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO unasema dawa zinazohitaji vifaa vya kujikinga visivyovaliwa kwa raha, vya gharama au visivyopatikana kirahisi ziepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na wafanyakazi wa sehemu za joto. Watu wengi hawajui kwamba hilo limeandikwa.

Kwa kawaida lakini: glavu za naitraili (aina ya mpira wa kutengenezwa) au mpira mzito zisizo na kitambaa ndani (kitambaa kikilowa kinakaa na dawa dhidi ya ngozi siku nzima), gambuti za mpira, suruali ndefu na shati la mikono mirefu au ovaroli, kofia, miwani inayoziba pembeni au kinga ya uso. Glavu za ngozi na za pamba hapana, zinafyonza na hazisafishiki. Viatu vya ngozi vilevile.

Suruali iwe NJE ya gambuti, ukiichomeka ndani umetengeneza mfereji wa kupeleka dawa mguuni. Mikono inategemea, ukipulizia mazao ya chini mkono wa shati uwe juu ya glavu, ukipulizia miti juu ya kichwa glavu iwe juu ya shati na uikunje kidogo mdomoni ili kinachotiririka kisiingie.

Kuvua: osha glavu kwa sabuni ukiwa bado umezivaa, vua vingine vyote, glavu uzioshe tena na uzivue mwisho. Ukianza kuvua glavu utashika gambuti chafu kwa mkono mtupu.

Barakoa ya kitambaa inatosha?

Haitoshi. Kitambaa kinashika vumbi kubwa kidogo halafu kikilowa kinakuwekea dawa mdomoni. Mvuke unazuiwa na barakoa yenye kichujio cha mvuke, na kichujio kina mwisho wake, ukianza kusikia harufu ndani ujue kimeisha.

Kuna utaratibu wa kuchanganya?

Upo. Chagua sehemu ya wazi, mbali na kisima, mto, mifugo na watoto, na usimame upepo ukitoka mgongoni au ubavuni. Tia maji nusu ya bomba kwanza ndo uweke dawa halafu ujaze, ukianza na dawa ghafi halafu maji yakaruka, yanaruka na dawa. Chupa ifungulie na kumiminia chini ya usawa wa macho. Pakiti kata kwa mkasi, sio meno, bado naona watu wanatumia meno. Koroga kwa kijiti kirefu, kikombe cha kupimia kiwe cha kazi hiyo tu na kisirudi jikoni hata kikioshwa mara kumi. Mpira wa maji usiuzamishe kwenye mchanganyiko, presha ikishuka unaweza kunyonya dawa ukairudisha kwenye kisima au tenki, acha nafasi ya hewa kati ya mdomo wa mpira na maji ya kwenye bomba.

Kabla ya yote lijaribu bomba kwa maji matupu. Kama linavuja kwenye mfuniko au kwenye mshikio rekebisha, usifunge na nailoni ukasema litafika.

Kuhusu kuongeza dozi "ili ishike": haiui zaidi ya kuua, inakuongezea sumu wewe, inabaki kwenye mazao, na inawahi kuwafanya wadudu wawe sugu. Kuchanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja pia usifanye kama lebo hazijaruhusu, zingine zinaganda na kuziba nozeli (kile kichwa chenye tundu dawa inakotokea).

Nozeli ikiziba naweza kuipuliza kwa mdomo?

Hapana. Toa presha kwanza, fungua, osha kwa maji, tumia mswaki laini wa zamani au ujiti wa nyasi. Tembea na nozeli ya akiba mfukoni utaacha kujaribiwa. Waya na misumari vinapanua tundu na dozi yote inavurugika.

Upepo kiasi gani ni mbaya?

Wengi wanafanya kazi kati ya kilomita 3 na 15 kwa saa, kwa macho ni majani kutikisika kidogo na unausikia usoni. Matawi madogo yakianza kuchezacheza acha. Kinachoshangaza watu ni kwamba hewa iliyotulia kabisa nayo sio nzuri, alfajiri au jioni ukiona moshi umelala chini haupandi, matone madogo nayo yataning'inia hivyohivyo na kusogea taratibu mpaka kwa jirani. Tembea upande ambao upepo unakupulizia ubavuni na uache mistari uliyopulizia nyuma, usipite katikati yake.

Naweza kubeba dawa kwenye gari pamoja na watu au vyakula?

Hapa ndo watu wanalegea kabisa, mtu anapanda gari la abiria na chupa imewekwa kwenye mfuko mmoja na unga na nguo za mtoto. Chupa ikivuja kidogo tu kwenye unga hutajua mpaka watu waumwe. Historia ya sumu za mashambani ina matukio mengi ya vyakula vilivyosafirishwa au kuhifadhiwa pamoja na dawa, sio kitu cha kufikirika.

Dawa isikae kwenye chumba cha dereva na abiria. Mvuke kwenye gari lililofungwa unaweza kumzubaisha dereva, na ikimwagika kwenye viti vya kitambaa hiyo haitoki. Nyuma ya pikapu ni sawa kama sakafu haina misumari wala vyuma vilivyochomoza, makopo yamesimama wima, yamefungwa yasicheze, vizibo vimekazwa na vinaangalia juu, za unga zimefunikwa turubai mvua isizilowanishe. Watu na wanyama wasikae nyuma pamoja nazo, na chakula, chakula cha mifugo na mbegu visafirishwe safari nyingine. Usafiri ukiwa ni pikipiki, tumia boksi gumu linalofungwa, lenye kitu cha kufyonza ndani, lifungwe nyuma, sio begi la mgongoni, chupa ikipasuka mgongoni ni ngozi yako ndo inapokea.

Angalia makopo kabla ya kupakia. Lenye kutu, lililovimba au lebo imechanika likatae dukani hapohapo, ukishalipakia limekuwa tatizo lako. Na gari au pikipiki isiachwe bila mtu, hata kama ni kusimama kula tu.

Ndani ya gari kuwe na glavu, koleo, mfuko mgumu wa plastiki, na ndoo ya mchanga mkavu au maranda ya mbao. Halafu karatasi inayosema umebeba nini, ikae sehemu ambayo mtu wa uokoaji ataiona hata kama wewe huwezi kuongea.

Imemwagika. Nifanyeje?

Usikimbilie maji. Ukimwagia maji umeipeleka kwenye mtaro na udongo na sasa huwezi kuikusanya. Ondoa watu, vaa vifaa vyako, simamisha inakotoka (simamisha kopo, weka lililopasuka ndani ya ndoo), zungushia udongo au mchanga isisambae, halafu mwagia mchanga au maranda juu ifyonze, zoa kwa koleo uweke kwenye mfuko mgumu, rudia. Ya unga usiifagie kavu, inapanda hewani, inyunyizie mchanga wenye unyevu kidogo kwanza. Ila dawa za kufukiza zisiguswe na unyevu, nimezielezea chini. Kama iliangukia udongo chimba hiyo tabaka ya juu uizoe pia. Ulichozoa ni taka ya sumu, kiandike jina, kisiende jalalani.

Sina stoo. Niweke wapi?

Sio chumba cha kulala, sio jikoni, sio uvunguni. Najua nyumba nyingi hazina nafasi, ila kabati au sanduku la bati linalofungwa kwa kufuli, likikaa kwenye kibanda cha nje chenye hewa, tayari ni afadhali mara nyingi. La muhimu kufuli, na ufunguo usiwe umening'inizwa pembeni ya mlango, hiyo ni mapambo. Kufuli linazuia watoto, na pia linamzuia mtu mzima aliye kwenye dakika mbaya ya maisha yake asiifikie haraka. Hilo la pili watu hawapendi kuliongelea lakini viuatilifu ni moja ya njia zinazotumika sana kujiua duniani, na kuifanya isifikike kirahisi inaokoa watu.

Kwa wenye stoo: sakafu ya saruji isiyonyonya, kizingiti kidogo mlangoni ili ikimwagika isitoke, madirisha ya hewa juu na chini, iwe mbali na kisima na sehemu inayofurika. Za maji zikae chini, za unga juu, kwa sababu dawa ya maji ikivuja juu inaharibu unga wote wa chini. Dawa za magugu zitenge na za wadudu na ukungu, na usiziweke karibu na mbegu. Mbolea zenye naitreti zikae kwingine kabisa, zinachochea moto. Makopo yasigusane na sakafu wala jua. Iliyoingia kwanza itoke kwanza, andika tarehe kwa maka kwenye kila kopo siku linapofika. Orodha ya vilivyomo iwe na nakala nje ya stoo, stoo ikiungua ile orodha ya ndani haitamsaidia mtu.

Bila kusahau nguo na vifaa vya kujikinga visitunzwe humohumo. Unakuta ovaroli imetundikwa juu ya makopo mwezi mzima halafu mtu anaivaa akidhani ni safi.

Nimenunua lita tano, naweza kumgawia mwenzangu kwenye chupa ya soda?

Usifanye. Hata kwa siku moja, hata ukiandika. Mtoto hasomi, na mtu mwenye kiu gizani naye hasomi. Zaidi ya hapo ukiihamisha umeiacha lebo, ikitokea shida daktari hana pa kuanzia. Kama lita tano ni nyingi nunueni vifungashio vidogo vya kiwandani.

Mchanganyiko ukibaki kwenye bomba?

Pima eneo kabla ili usibaki. Ukibaki uongezee maji upulizie kwenye kipande cha zao hilohilo ambacho hakijapata dozi kamili. Maji ya kuoshea bomba nayo yanapuliziwa shambani, sio mtoni wala mtaroni. Usiulaze mpaka kesho, mchanganyiko mwingi unapoteza nguvu na bomba lililoachwa na kitu ndani linasubiri mtu wa kulichezea.

Kopo tupu nikiliosha vizuri linafaa kuchotea maji?

Halifai, milele. Plastiki inanyonya dawa na kuitoa taratibu. Lioshe mara tatu palepale shambani kabla halijakauka: maji robo ya kopo, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba na uache lidondoke nusu dakika nyingine, rudia mpaka tatu. Faida yake, ile dawa uliyolipia yote inaingia kazini. Kisha litoboe chini, mtu asije akalitamani, ulitunze kwenye stoo mpaka lipelekwe sehemu ya kukusanyia. Kulichoma kwenye moto wa wazi hapana, moshi wake ni sumu.

Nguo za kazi zinafuliwa na za nyumbani?

Peke yake, siku hiyohiyo, na anayefua avae glavu. Suuza kwanza, kisha sabuni nyingi na maji ya moto, kausha juani, beseni lisuuzwe vizuri na lisiwe la kuogeshea mtoto. Nguo iliyomwagikiwa dawa ghafi usifue, itupe kama taka ya sumu. Wewe mwenyewe oga kabla ya kumbeba mtoto. Wafuaji wengi hawajawahi hata kuingia shambani, na sumu inawapata palepale kwenye beseni.

Vile vidonge vya kufukiza nafaka navyo ni hivihivi?

Hapana, vina sheria zake. Vya aluminiamu fosfaidi vikikutana na unyevu, hata wa hewani, vinatoa gesi ya fosfini ambayo inaua na haina dawa ya kuipinga. Usivifungulie ndani, usivimwagie maji, usizime moto wake kwa maji, na mtu wala mnyama asilale kwenye chumba chenye nafaka inayofukizwa au chumba kinachopakana nacho. Gesi inapita kwenye nyufa. Harufu ya kama kitunguu saumu ni onyo lakini usiitegemee, inaweza kuwa hatari kabla hujasikia kitu. Hii kazi waachie waliofundishwa.

Nitajuaje ni sumu au ni jua tu?

Swali zuri kwa sababu mwanzo vinafanana: kichwa, jasho, kichefuchefu, kuchoka. Joto mara nyingi linakausha mdomo. Dawa za kundi la oganofosfeti na kabameti (ziko kwenye dawa nyingi za wadudu, angalia lebo) zinafanya kinyume, mate yanajaa, machozi, makamasi, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza, tumbo linaharisha, kifua kinabana. Zinazuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Mara nyingi dalili zinaanza ndani ya saa 24, kwa hiyo kujisikia vibaya usiku ukiwa umeshafika nyumbani bado kunahesabika. Ukiwa na mashaka chukulia ni sumu. Mgonjwa asiachwe peke yake, na asiendeshe mwenyewe kwenda hospitali.

Maziwa yanaondoa sumu?

Hayaondoi. Sio maziwa, sio mafuta ya kula, sio mayai. Zingine zinayeyuka kwenye mafuta kwa hiyo unaweza kuwa unazisaidia kupita.

Cha kufanya: mtoe kwenye dawa (jilinde wewe kwanza), mvue nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, nywele na kucha pia. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, fungua kope. Kama amemeza usimtapishe isipokuwa lebo imesema hivyo au mtaalamu wa sumu amekwambia, zenye mafuta zikirudi zinaingia kwenye mapafu. Akiwa amezimia mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni. Hospitali mwende na kopo lenye lebo likiwa ndani ya mfuko, au picha ya lebo kwenye simu, hiyo inaokoa muda kuliko maelezo yote, kwa sababu kuna sumu, kama hizo za oganofosfeti na kabameti, zinatibiwa kwa atropini (dawa ya hospitali ya kupinga sumu) na zingine atropini haisaidii kitu.

Watoto na wajawazito wanaweza kusaidia kazi ndogondogo, kama kuchota maji?

Wasiwepo. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2001 unaweka miaka 18 kuwa kiwango cha chini kwa kazi hatarishi za kilimo. Maji wachote, wayalete kwenye tenki siku ya kabla, waondoke. Kumsimamisha mtoto shambani awe alama ya mstari uliofikia ndo kabisa usifanye, tumia kijiti chenye kitambaa.

Nimekuta kopo la zamani halina lebo. Nifanye nini?

Usinuse, usifungue, usijaribu kwenye mmea mmoja uone. Liweke ndani ya ndoo yenye mfuniko, zungushia mchanga au maranda, andika juu "SUMU ISIYOJULIKANA" na tarehe uliyolikuta, lifungie stoo mbali na mengine, halafu ita ofisi inayosimamia viuatilifu au kilimo ije ilichukue. Zilizopitwa na muda ziende njia hiyohiyo, nyingi zinahesabiwa kudumu kama miaka miwili tangu kutengenezwa zikitunzwa vizuri. Usilifukie, zamani watu walikuwa wanafukia na mengine yanavuja mpaka leo.